Mtoto Asiye na Uraia Aliyezaliwa Uingereza: Mwongozo Kamili wa Kumsajili Kuwa Raia

Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Birmingham au Glasgow hakimfanyi mtoto kuwa Mwingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1983, Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1981 ilipoanza kutumika, mtoto anayezaliwa huko kwa kawaida huwa raia siku ileile ikiwa tu baba au mama yake ni raia wa Uingereza au ana ruhusa ya kuishi huko bila ukomo. Asiyekuwa na mzazi wa namna hiyo hutegemea uraia wa nchi ya wazazi wake, na mara nyingi huupata bila hata wazazi wenyewe kujua. Lakini wako watoto wanaorukwa na sheria za pande zote mbili: Uingereza haiwatambui kwa sababu ya hali ya kiuhamiaji ya wazazi, na nchi ya wazazi haiwatambui kwa sababu walizaliwa nje. Wakazi wa pwani ya Kenya wanaijua hali inayofanana na hii kwa karibu, maana Wamakonde walioishi huko kwa vizazi walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016 tu, na Wapemba wakafuata mwaka 2023.

Uingereza iliridhia mwaka 1966 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 wa kupunguza ukosefu wa uraia, na ahadi iliyotoa kwa watoto hao imewekwa katika Jedwali la Pili la sheria ya 1981, aya ya 3 na 3A. Neno la kushika hapa ni haki. Mtoto anayetimiza masharti ya jedwali hilo haombi hisani ya waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, na kwa hiyo barua ya maombi haipaswi kuandikwa kwa lugha ya kusihi. Inapaswa kuonyesha, sharti baada ya sharti, kwamba kila kinachotakiwa kimetimia.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba mtoto si raia tayari, au hana njia nyepesi zaidi

Kabla ya kugusa fomu yoyote, kagua hali ya wazazi wote wawili ilivyokuwa siku mtoto alipozaliwa. Ikiwa mmoja wao alikuwa na makazi ya kudumu siku hiyo, yaani ile ruhusa ya kuishi bila ukomo, mtoto ni Mwingereza na kinachobaki ni kumwombea pasipoti. Hadhi ya ukimbizi peke yake si makazi ya kudumu, wala viza ya masomo au ya kazi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Ikiwa mzazi alipata makazi ya kudumu au uraia baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kusajiliwa kwa fomu ya MN1. Ikiwa mtoto ameishi Uingereza miaka yake kumi ya kwanza, na hakuwa nje zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote kati ya hiyo, njia yake ni fomu ya T. Njia zote mbili haziulizi kabisa kama mtoto ana uraia mwingine, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuthibitisha kuliko ile ya ukosefu wa uraia. Sharti lake la ziada ni kwamba mwombaji aliyefikisha miaka kumi hupimwa mwenendo wake, jambo ambalo halimhusu mtoto anayesajiliwa kwa kukosa uraia. Kijana aliyewahi kuingia matatani na polisi anaweza kukwama kwenye fomu ya T na akapita salama kwenye njia tunayoieleza hapa.

Hatua ya pili: Je, kweli hana uraia?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo maombi mengi huharibika, ama kwa sababu mzazi amedhani mtoto hana uraia kumbe anao, ama kwa sababu amedhani anao kumbe hana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1954 unamtaja asiye na uraia kuwa ni mtu ambaye hakuna dola inayomhesabu kuwa raia wake kwa mujibu wa utekelezaji wa sheria zake. Pasipoti haitajwi. Pasipoti ni karatasi inayothibitisha uraia, nao uraia wenyewe hutokana na sheria; mtu anaweza kuwa raia maisha yake yote bila kushika pasipoti hata siku moja.

Chukua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 14 inasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Mtoto wa mama Mkenya aliyezaliwa Manchester ni Mkenya hata kama ubalozi haujawahi kusikia jina lake, na ombi lake la ukosefu wa uraia litakataliwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 12 Novemba 2004 nayo inamhesabu kuwa Mkongo mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake ni Mkongo. Familia nyingi za wakimbizi kutoka Kivu hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa kwao mlango wa ubalozi umefungwa kabisa. Lakini mtoto wa mkimbizi si lazima awe mtoto asiye na uraia, na njia yake ya kawaida ni ile ya fomu ya T au ya MN1.

Sasa tazama mfano wa kubuni, wa aina inayoweza kuwapata watu wetu. Zuhura amezaliwa Leicester mama yake akiwa na viza ya masomo. Mama alizaliwa Muscat kwa wazazi waliotoka Unguja, naye ni Mtanzania kwa kurithi. Baba alizaliwa Dubai, naye vilevile ni Mtanzania kwa kurithi. Wote wawili wana pasipoti za Tanzania, na kila wanayemuuliza anawaambia kwamba mtoto wa Watanzania ni Mtanzania. Lakini Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, katika kifungu cha 6, inampa uraia mtoto aliyezaliwa nje ikiwa baba au mama yake ni raia kwa njia nyingine isiyokuwa ya kurithi chini ya kifungu hichohicho. Uraia wa kurithi huvuka mpaka mara moja, kisha husimama. Oman na Imarati hazitoi uraia kwa sababu tu mzazi alizaliwa huko. Uingereza haimpi kwa sababu mama ana viza ya muda. Zuhura amezaliwa hospitali nzuri, ana cheti safi, ana wazazi wenye pasipoti, na hana nchi.

Kwa hiyo kazi ya hatua hii ni kuchora ukoo mdogo: mtoto, wazazi wawili, na mababu wanne, ukiandika kwa kila mmoja alizaliwa wapi, lini, na uraia wake aliupataje, kwa kuzaliwa, kwa kurithi au kwa tajnisi, yaani kwa kuomba na kupewa. Kisha soma sheria ya kila nchi inayojitokeza katika mchoro huo kama ilivyokuwa siku mtoto alipozaliwa. Zingatia hasa nchi ambazo hazimpi mama haki sawa na baba ya kumrithisha mtoto uraia. Burundi, Somalia na Kuwait ni miongoni mwake. Mtoto wa mama kutoka nchi kama hizo, ambaye baba yake hana uraia wowote, anaweza kuangukia katikati. Watoto wa Wabiduni wa Kuwait, jamii ambayo dola hiyo haijaitambua kuwa raia wake, ni mfano ulio wazi zaidi.

Sheria inataka mtoto awe hana uraia sasa na awe hajawahi kuwa nao tangu azaliwe. Mzazi ambaye, kwa haraka ya kusafiri kwenda kumwona bibi, anamsajili mtoto ubalozini na kupewa uraia, ameifunga njia hii kwa mkono wake mwenyewe, hata kama uraia huo utakuja kupotea baadaye. Sisemi kwamba ni kosa kumpatia mtoto uraia wa kwao. Nasema uamuzi huo ufanywe kwa kujua.

Hatua ya tatu: Umri wa mtoto siku ya maombi

Mtoto wa chini ya miaka mitano hawezi kuomba kwa njia hii, kwa sababu sharti la ukaaji ni miaka mitano. Kuna uwezo wa jumla wa waziri, chini ya kifungu cha 3(1) cha sheria ya 1981, wa kumsajili mtoto yeyote kwa hiari yake, lakini hiyo ni hisani kweli na huhitaji sababu nzito.

Kuanzia miaka mitano hadi kabla ya kutimiza 18, mtoto huangukia aya ya 3A, iliyoongezwa na Sheria ya Uraia na Mipaka ya mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 28 Juni 2022. Ili kuielewa aya hiyo inafaa kujua ilikotoka. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua shauri la mtoto aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi Wahindi. Sheria ya India, kwa watoto waliozaliwa nje tangu tarehe 3 Desemba 2004, inataka mtoto asajiliwe kwenye ubalozi ndipo awe raia, na huyu hakuwa amesajiliwa. Serikali ilidai kwamba wazazi wangeweza kumsajili wakitaka. Mahakama ikajibu kwamba swali la sheria ni kama mtoto anao uraia, si kama angeweza kuupata. Bunge likaibadilisha sheria.

Tangu hapo mtoto wa umri huo hana budi kuonyesha pia kwamba hawezi kupata uraia mwingine. Sharti hili si pana kama linavyosikika, na ni vyema kulivunja vipande. Mtoto atahesabiwa kuwa anaweza kupata uraia fulani ikiwa mambo matatu yametimia kwa pamoja: uraia huo ni uleule alio nao mmoja wa wazazi wake, amekuwa na haki ya kuupata tangu alipozaliwa, na, kwa kuangalia hali yote, ni jambo la busara kumtarajia yeye au mtu anayemwakilisha achukue hatua za kuupata. Kipande kimoja kikikosekana, mtoto huhesabiwa kuwa hawezi kuupata uraia huo. Zaidi ya hayo, uraia unaotegemea hiari ya dola husika hauhesabiwi kuwa haki. Zuhura wetu, kwa mfano, hazuiwi na uwezekano kwamba waziri wa Tanzania angeweza, kama angependa, kumpa tajnisi akiwa mtoto, kwa sababu kinachotolewa kwa hiari kinaweza pia kunyimwa. Vilevile mzazi aliyekimbia mateso ya serikali ya nchi yake ana hoja nzito kwamba si busara kumtaka abishe hodi kwenye ubalozi wa serikali hiyohiyo.

Kwa maoni yangu sharti hili linamtwisha mtoto mzigo wa maamuzi ya wazazi wake, lakini ndiyo sheria iliyopo na ni lazima ijibiwe kwa hoja za kisheria na si kwa malalamiko.

Kijana aliyetimiza miaka 18 lakini hajafika 22 yuko chini ya aya ya 3 kama ilivyokuwa zamani, nayo haiulizi kama angeweza kupata uraia mwingine. Mtoto aliyekwama kwenye sharti la 2022 anaweza kungoja hadi siku ya kuzaliwa ya 18 na kuomba upya, mradi bado hana uraia wowote. Mpaka wa miaka 22 haulegezwi, kwa hiyo maombi yasiachwe hadi dakika za mwisho.

Hatua ya nne: Kuhesabu siku

Rudi nyuma miaka mitano kutoka siku ambayo maombi yatapokelewa. Mtoto lazima awe alikuwa Uingereza, au katika eneo la ng'ambo la Uingereza, siku ya kwanza ya kipindi hicho, na asiwe amekaa nje zaidi ya siku 450 katika miaka yote mitano. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi kuwa siku za kutokuwapo: aliyeondoka tarehe 1 Julai akarudi tarehe 31 Julai ametumia siku 29. Ikiwa siku ile ya kwanza inaangukia katikati ya safari, sogeza tu tarehe ya maombi mbele wiki chache.

Mtoto asiye na pasipoti hasafiri sana, kwa hiyo idadi ya siku huwashinda wachache. Kinachowasumbua wengi ni kuthibitisha kwamba alikuwapo. Ukaaji wake hauhitaji kuwa wa kibali. Sheria inauliza alikuwa wapi, haiulizi alikuwa na viza gani. Familia zilizoishi bila karatasi hukaa kimya zikidhani watoto wao hawana haki yoyote, nao muda unapita.

Hatua ya tano: Ushahidi

Kwa ukaaji, anza na kile kitabu chekundu ambacho mama hupewa mtoto anapozaliwa, yaani kadi ya kliniki ya huko, kwa sababu kina tarehe za chanjo na mizani. Ongeza barua ya daktari wa familia yenye tarehe za mahudhurio, na barua ya shule inayotaja siku mtoto alipoanza na kama amehudhuria mfululizo. Panga karatasi kwa mwaka, usipange kwa aina, ili afisa anayesoma aone mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa tano, bila pengo.

Kwa ukosefu wa uraia, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji, na kiwango ni kile cha kesi za madai: ionekane kuwa inaelekea zaidi kuwa hana uraia kuliko kwamba anao. Weka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti na pasipoti za wazazi, nakala ya vifungu vya sheria ya kila nchi husika, na maelezo mafupi yanayounganisha vifungu hivyo na ule mchoro wa ukoo. Kisha andikia ubalozi. Barua nzuri haiombi pasipoti wala usajili, inauliza swali moja la kisheria: "Mtoto huyu, aliyezaliwa tarehe fulani mahali fulani, kwa mama raia wa kurithi na baba raia wa kurithi, ambao nakala za vyeti vyao zimeambatanishwa, je, ni raia wa nchi yenu kwa mujibu wa kifungu fulani?" Itume kwa njia inayotoa risiti. Ukikosa jibu, tuma ukumbusho baada ya wiki kadhaa, kisha hifadhi risiti zote mbili, kwa sababu kimya cha ubalozi kilichothibitishwa nacho kinaonyesha kwamba umejitahidi.

Kuna watu ambao hawapaswi kabisa kuandika barua hiyo: mzazi aliyeomba hifadhi ya ukimbizi, au anayefikiria kuiomba, asiwasiliane na ubalozi wa nchi yake kabla ya kuzungumza na wakili. Barua moja inaweza kudhuru ombi lake lote.

Hati isiyokuwa ya Kiingereza au Kiwelshi lazima iambatane na tafsiri. Cheti cha ndoa kutoka kwa kadhi kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu hakitasomwa peke yake. Mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke jina, tarehe, sahihi na namna ya kumpata.

Hatua ya sita: Fomu na ada

Aliyezaliwa Uingereza tangu 1983 hutumia fomu ya S3. Mtoto aliyezaliwa nje ya Uingereza akiwa hana uraia, mwenye mzazi aliyekuwa na aina fulani ya uraia wa Uingereza alipozaliwa, ana fomu yake ya S2 na masharti tofauti, ikiwamo ukaaji wa miaka mitatu. Aliyezaliwa nje bila mzazi wa namna hiyo hawezi kusajiliwa moja kwa moja. Anaweza kuomba kwanza ruhusa ya kukaa kama mtu asiye na uraia, ambayo hutolewa kwa miaka mitano na ombi lake halina ada.

Ada ya usajili ni kubwa. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 1,214 kwa mtoto na pauni 1,446 kwa aliyetimiza miaka 18, nayo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo tazama kiwango cha siku unayotuma. Tangu tarehe 16 Juni 2022 mtoto aliye chini ya miaka 18 ambaye familia yake haimudu anaweza kusamehewa ada, na mtoto aliye chini ya uangalizi wa serikali ya mtaa halipi kabisa. Ombi la msamaha hutangulia ombi la uraia, na huhitaji taarifa za benki, mkataba wa nyumba, na hesabu ya wazi ya mapato na matumizi. Andika matumizi halisi, hata yale ya kutuma pesa nyumbani, kwa kuwa taarifa ya benki itayaonyesha vyovyote iwavyo. Kijana wa miaka 18 hadi 21 hana msamaha huu, na hilo lipimwe dhidi ya faida ya kungoja iliyotajwa hapo juu.

Baada ya kutuma, mtoto ataitwa kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kulingana na umri wake.

Hatua ya saba: Msaada wa kisheria

Nchini Uingereza ni kosa la jinai kwa mtu asiyeidhinishwa kutoa ushauri wa uhamiaji au uraia kama kazi, hata bure. Yule jamaa wa msikitini au kanisani ambaye "hujaza fomu za watu" anaweza kuwa na moyo mzuri, lakini makosa yake yatabaki kwenye faili la mtoto. Tafuta wakili, au mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji, na mwombe akuonyeshe namba yake ya usajili. Katika England na Wales msaada wa kisheria wa serikali kwa kawaida haugusi mambo ya uraia, isipokuwa kwa watoto waliotengana na wazazi, ambao walirejeshewa mwaka 2019, na kwa wanaokubaliwa kwa maombi ya pekee ya msaada huo. Shirika la PRCBC hushughulika mahususi na usajili wa watoto kuwa raia, na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Liverpool ina uzoefu wa miaka mingi na watu wasio na uraia.

Hatua ya nane: Majibu

Wizara ya Mambo ya Ndani hulenga kujibu ndani ya miezi sita. Ombi likikataliwa hakuna rufaa kwenye baraza la uhamiaji. Kuna kuomba uamuzi utazamwe upya kwa fomu ya NR, na kuna mapitio ya kimahakama, ambayo lazima yafunguliwe haraka na kwa vyovyote ndani ya miezi mitatu tangu siku ya uamuzi. Usingoje majibu ya fomu hadi miezi hiyo iishe. Soma barua ya kukataliwa kwa kalamu mkononi. Mara nyingi utakuta afisa amesema wazazi "wanaweza kumwombea" uraia bila kutaja kifungu chochote kinachompa mtoto haki hiyo tangu kuzaliwa, na hapo ndipo pa kuanzia kujibu.

Likikubaliwa, mtoto hupewa hati ya usajili na huwa raia kuanzia siku hiyo, bila uraia huo kurudi nyuma hadi siku ya kuzaliwa. Aliye chini ya miaka 18 hahitaji kuhudhuria sherehe ya kiapo. Pasipoti huombwa peke yake, kwa ada yake. Hati ya usajili ipigwe nakala na kuhifadhiwa vizuri kuliko hata pasipoti, kwani ndiyo itakayoulizwa miaka mingi baadaye: mtoto aliyezaliwa Uingereza na kusajiliwa kwa njia hii hahesabiwi kuwa raia wa kurithi, na kwa hiyo Zuhura, tofauti na mama yake, ataweza kumpa uraia mtoto wake hata akijifungulia Muscat.